Tulizunguka miji ya Marekani kwa mwendo wa Mama

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yake hayapatani na ngazi. Nilipomwambia kwamba Oktoba 2024 tutakuwa na siku kumi na nne za mapumziko Marekani, mimi na yeye, hakuuliza tutaona nini. Aliuliza, "Huko nikichoka nitakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililotuchagulia miji. Tulipita New York, tukakaa Washington, Chicago na New Orleans. Tathmini hii namwandikia mwenye mzazi wa kusafiri naye, au mwenye mtoto mdogo, au yeyote asiyependa kutoka likizo akiwa hoi kuliko alivyoingia.

Kabla ya safari hii nilikuwa nimeshapata hasara ya kuchagua mji kwa jina. Mwaka 2022 nilikwenda Los Angeles peke yangu kwa siku tano. Vitu nilivyovifuata ni vizuri kweli. Griffith Observatory, ile nyumba ya kutazamia nyota iliyofunguliwa mwaka 1935 juu ya kilima, kuingia ni bure na ukisimama pale jioni taa za mji hazina mwisho. Getty Center nayo kuingia ni bure, unacholipia ni maegesho ya gari. Ufukwe wa Santa Monica unajieleza wenyewe. Shida ni kwamba kila kimoja kiko pembe yake. Kutoka Santa Monica hadi katikati ya mji ni kama kilomita 25, na ingawa treni ipo, sehemu nyingi nilizotaka haifiki. Nilipopiga hesabu ya siku zile tano, pesa zilizokwenda kwenye magari ya kuita kwa simu zilizidi zilizokwenda kwenye chakula, na saa nilizokaa kwenye foleni barabarani zilizidi nilizokaa ufukweni. Anayependa kushika usukani, Los Angeles itamfurahisha. Mama sikuwa na sababu ya kumpeleka.

Safari hii nikachuja miji kwa mambo matatu: uwanja wa ndege au kituo cha treni ndefu kiwe kimeunganishwa na treni za mjini, vitu vya kuona viwe jirani jirani, na vingi viwe vya bure. La tatu watu hulichukulia kama suala la kubana pesa tu. Kwangu lina maana nyingine kubwa zaidi. Mtu aliyelipa dola 30 mlangoni hujilazimisha kumaliza kila chumba hata kama miguu inawaka moto. Mahali pa bure unaingia dakika arobaini, unaona ulichopenda, mwili ukikataa unatoka, na moyo haukuumi.

New York sitaisema sana kwa sababu tulilala mbili tu. Ni mji mkubwa na ninaupenda, treni zake hazilali, unagusisha kadi yako ya benki kwenye lango (ilikuwa dola 2.90 kwa mtu) na unakwenda popote. Lakini vituo ni 472 na vingi havina lifti. Ukiwa na mtu wa magoti, chora njia yako usiku uliotangulia ukitumia ramani inayoonyesha vituo vyenye alama ya kiti cha magurudumu, la sivyo utamkuta mzazi wako amesimama katikati ya ngazi, ameshika chuma, watu wakimpita kulia na kushoto. Kitu kilichotupa raha kuliko vyote kule ni kivuko cha Staten Island. Ni bure, kinakupitisha mbele ya Sanamu ya Uhuru, na una kiti kwenda na kurudi.

Kutoka New York tulipanda treni hadi Washington, saa tatu na nusu hivi, na hapo ndipo likizo ilipoanza.

Washington nauweka wa kwanza bila kusita. Vituo vyote vya treni yake ya chini ya ardhi vina lifti. Dari za vituo ni za zege, zimepinda kama ndani ya mtungi mkubwa, mwanga ni hafifu, na hata watu wakijaa kelele hazikupigi kichwani. Makumbusho ya Smithsonian yamepangana pande mbili za uwanja mrefu wa nyasi wanaouita National Mall, na hakuna hata moja pale linalokudai kiingilio. Tahadhari yangu ni moja: uwanja ule unadanganya macho. Kutoka jengo la Bunge hadi kwa Lincoln, yaani jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln lenye sanamu yake, unaona kama ni hapo tu, kumbe ni kilomita zaidi ya tatu. Gawanya kwa siku mbili au tatu. Ukipita jirani na mnara wa Washington, ule wa mita 169, mwambie mwenzako atazame juu kidogo ya robo yake, rangi ya mawe inabadilika. Ujenzi ulisimama miaka ya 1850 kwa kukosa fedha, na walipoendelea zaidi ya miaka ishirini baadaye hawakupata mawe ya rangi ile ile. Mama alilitazama hilo kwa muda mrefu. Aliwahi kujenga nyumba kwa awamu.

Jumba la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa Septemba 2016, lingetosha peke yake kuwa sababu ya safari. Tiketi ni bure ila zina saa zake, unazichukua mtandaoni mapema. Nilichukua za siku mbili na nashukuru nilifanya hivyo. Kwa nje ni tabaka tatu za rangi ya shaba iliyoiva zilizopanuka kwenda juu, umbo lililotokana na taji za nguzo za Wayoruba. David Adjaye, msanifu aliyeongoza usanifu wake, ni mtoto wa Waghana, lakini alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Nilimwambia Mama habari hiyo tukiwa kwenye foleni na akaibeba siku nzima.

Ndani unaingia kwenye lifti kubwa inayoshuka chini ya ardhi, na ukutani miaka inarudi nyuma kadiri unavyoshuka, mpaka miaka ya 1400. Milango ikifunguka ni giza giza na vyumba vyembamba. Huko ndiko tulikokutana na vyuma vya meli ya São José. Ni vipande vya chuma visivyo na urembo wowote, vimeliwa na chumvi. Meli hiyo ya Wareno iliondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na Waafrika zaidi ya 400 waliotekwa, ikielekea Brazili, ikavunjika karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji. Walionusurika wakauzwa. Vyuma vilipakiwa chini kwa sababu shehena ya watu ni nyepesi na husogea, na meli inataka uzito usiosogea. Nilimtafsiria Mama maelezo hayo polepole. Hakusema kitu. Aliinama akavitazama kama mtu anayetafuta jina lililoandikwa, kisha akasema, "Hawa walitoka upande wetu wa bahari." Tulizoea, mimi na yeye, kwamba habari ya utumwa wa Marekani ni ya Afrika Magharibi. Hatukutegemea kukuta bahari yetu wenyewe kwenye ghorofa ya chini kabisa ya jumba la Washington.

Kutoka kule chini unapanda kwa njia za mteremko, si ngazi, ukipita kibanda cha watumwa kilicholetwa kutoka South Carolina na behewa la treni lililogawanywa la Weusi na la Weupe. Lipo pia jeneza la Emmett Till, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Chumba chake kina foleni yake na watu hawasemezani. Mwisho wa yote kuna ukumbi wa mviringo, maji yanaanguka kutoka darini kama mvua ya kimya, na pembeni mwake yapo mabenchi. Mama alikaa pale zaidi ya nusu saa. Siku hiyo hatukuona kitu kingine chochote, na sikujutia hata dakika moja.

Jioni ya siku iliyofuata tulikwenda kwa Lincoln. Kwenye jiwe la ngazi alipokuwa amesimama Martin Luther King, mpigania haki za Weusi, akihutubia tarehe 28 Agosti 1963 wamechonga maandishi, lakini hayaonekani vizuri, mpaka uwe unajua yalipo. Ngazi 18 zinabaki kutoka hapo hadi miguuni pa sanamu. Mama alipanda moja moja, mkono begani kwangu, na alipolifikia jiwe akasema, "Mimi safari yangu ni hapa. Huyo mzee wa juu nenda ukamsalimie wewe." Kijana mmoja akamimina maji kidogo ya chupa juu ya jiwe, herufi zikawa nyeusi ghafla, zikasomeka. Mama alipitisha kidole kwenye herufi zile zilizolowa. Mimi sikupanda tena. Tulikaa ngazi ile ile mpaka taa zikawashwa.

Upungufu wa Washington ni chakula pale uwanjani, cha bei kubwa na uchaguzi mdogo. Baada ya saa mbili usiku mitaa ya ofisi inakuwa mitupu. Tulikuwa tunapanda treni kwenda kula kwenye mitaa wanakoishi watu.

Nizungumzie hoteli, kwa sababu ndipo bajeti nyingi zinapovunjika. Hoteli moja tuliyofikia, nisiyoitaja, ilinipa bei mtandaoni, nikafika mapokezi usiku na mama aliyechoka, nikaambiwa kuna ada nyingine ya huduma ya dola 35 kwa kila usiku. Huduma zenyewe ni maji ya chupa na chumba cha mazoezi. Nilibisha, nikashindwa, nikalipa. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimepanga kila dola. Tangu Mei 2025 kuna kanuni ya shirikisho inayotaka bei ya chumba ionyeshe ada zote za lazima tangu mwanzo, na hilo ni jambo jema, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa mwishoni. Chicago kodi ya chumba cha hoteli ilikuwa asilimia 17.4. Dukani pia bei iliyobandikwa haina kodi ndani yake, na mgahawani mhudumu anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Mimi kila bei niliyoona ya chakula cha kukaa mezani nilikuwa naiongezea theluthi kichwani kabla ya kuagiza.

Chicago tuliingia kwa ndege. Treni ya Blue Line inakuchukua ndani ya uwanja wa O'Hare hadi katikati ya mji, saa ishirini na nne (nauli ilikuwa dola 5). Kitovu cha mji kimezungukwa na reli iliyoinuliwa juu ya barabara, na treni zikipita juu ya kichwa zinatetemesha kikombe cha kahawa. Si kila kituo kina lifti, lakini vya katikati tulivyovihitaji vilikuwa nazo. Yaliyo ya bure ni mengi: lile umbo kubwa la chuma kinachong'aa kama kioo la msanii Anish Kapoor pale Millennium Park, bustani ya wanyama ya Lincoln Park, na ufukwe wa Ziwa Michigan, ambalo mtu asiyeambiwa atalidhania bahari. Mimi kipenzi changu ni Chicago Cultural Center, jengo la mwaka 1897 lililokuwa maktaba. Panda kwa lifti hadi ukumbi wenye kuba la vioo vya Tiffany. Kuna viti, kuna joto, kuna vyoo safi, na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Kwa Chicago ya Oktoba, yenye upepo wa ziwa unaopenya koti, joto la bure ni huduma.

Tulicholipia bila kusita ni boti ya mtoni yenye mwelezaji wa majengo, saa moja na nusu umekaa na mji unapita mbele yako wenyewe. Tulisikia kuhusu moto mkubwa wa 1871 na jinsi walivyojenga upya kwenda juu. Lililomshika Mama ni mto wenyewe. Zamani uliingiza uchafu wa mji ziwani, na ziwa ndilo maji ya kunywa, basi wakachimba mfereji na mwaka 1900 wakaugeuza mto utiririke kinyume. "Mto waliugeuza?" aliniuliza mara mbili. Na mtu wa kwanza asiye mwenyeji wa asili kujenga makazi ya kudumu mdomoni mwa mto ule alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable. Barabara kuu ya ufukweni ina jina lake tangu 2021. Mama alitaka tupite barabara hiyo kwa basi, tukapita.

Kutoka Chicago hadi New Orleans tulilala kwenye treni, safari ya saa 19 hivi. Behewa ni la ghorofa mbili, na ukiwa na mzazi omba kijichumba cha chini. Ngazi ya ndani ni nyembamba yenye kona, na sehemu ya kula iko juu, ila mhudumu wa behewa alituletea chakula chumbani bila manung'uniko. Viti viwili vinatazamana, usiku vinaungana kuwa kitanda, kingine kinashuka kutoka juu. Tuliondoka jioni, tukaamka Memphis, tukashinda tunatazama jimbo la Mississippi: makanisa madogo ya mbao, mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Karibu na mwisho ardhi inakuwa maji matupu yenye miti iliyosimama ndani yake. Ni ghali kuliko ndege ya bei rahisi, lakini inakuokolea hoteli ya usiku mmoja, na Mama alilala vizuri kuliko hotelini.

New Orleans ni mji wa pua na masikio. Mitaa ya French Quarter ina harufu ya kahawa, mto na pombe ya jana, na ala za upepo zinasikika kabla hujaona kundi. Tiketi ya siku nzima ya mabasi na tramu ilikuwa dola 3. Hapa lakini magoti yanahitaji akili: tramu za kijani za njia ya St. Charles, iliyoanza mwaka 1835, ni mabehewa ya miaka ya 1920 yenye vipandio virefu na hayana kinyanyuzi. Zile nyekundu za Canal Street zinaingilika vizuri. Mama alisisitiza ya kijani. Dereva alisubiri mpaka akakaa ndipo akaondoka. Benchi za mbao, madirisha yamefunguliwa, mialoni mikubwa imekutana juu ya njia. Tulikwenda hadi mwisho tukarudi.

Mezani alipoletewa gumbo aliinua kijiko, akatazama, akasema, "Bamia." Ni bamia kweli, zimepikwa zikawa nzito na kamba na soseji. Jina lenyewe gumbo linahusishwa na lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia ni kingombo. Alimaliza sahani yote. Vitumbua vya Kifaransa vya Café du Monde, mahali palipo tangu 1862, aliviita maandazi na kulalamika kwamba sukari ya unga juu yake ingetosha familia nzima. Jumapili alasiri tulikaa Congo Square, ndani ya bustani yenye jina la mwanamuziki Louis Armstrong, uwanja ambako watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma na kuuza vitu vyao. Watu bado wanapiga ngoma pale siku hiyo.

Vijia vya miguu vya mji huo vimeinuliwa na mizizi na kuvunjika, shika mkono wa mzazi wako muda wote. Kiangazi joto ni kali na lina unyevu. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na mji uliopata Katrina mwaka 2005 haulichukulii jambo hilo kwa mzaha, kwa hiyo nilinunua chumba ambacho ningeweza kukifuta. Mtaa wa Bourbon usiku si wa mzazi. Saa mbili asubuhi, ukishaoshwa, unapitika.

Kwa siku kumi na nne, miji mitatu ndiyo kipimo. New York tuliiongeza kwa sababu ndege ilitua huko, na zile siku mbili ningeziongeza Washington, ambako bado hatujaona hata nusu.

Hayo ni yangu. Tulipokuwa tunasubiri ndege ya kurudi nilimuuliza Mama yeye angechagua upi, nikiwa na hakika atasema Washington, kwa sababu ya ule ukumbi wa maji na lile jiwe. Alifikiri kidogo huku akipapasa goti. Akasema Chicago. Anataka kuuona tena ule mto waliougeuza, safari hii mwezi Juni, kusiwe na baridi, na boti tupande siku mbili tofauti.